Mwongozo kamili: Kutoka kadi ya fundi hadi bajeti ya miaka 10 ya kubadilisha pampu

Miradi mingi ya maji vijijini hupanga ununuzi wa mitambo kwa kumsikiliza anayelalamika zaidi. Kisima kilichosumbua wiki ya kikao cha bajeti ndicho kinachopangiwa pampu mpya. Miezi michache baadaye inaungua mota ya kisima kingine ambacho hakuna aliyekitaja, na fedha zimeshakwisha.

Wanaokwama si kwamba hawana data. Fundi amekwenda, ameandika kitu, risiti zipo, uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zimenunuliwa kila mwezi. Kinachokwama ni safari ya taarifa hizo kutoka kwenye begi la fundi hadi kwenye jedwali la kamati. Wengine wamenunua hadi programu ya kompyuta, lakini orodha ya mitambo ya kununua bado inatungwa kichwani.

Mwongozo huu ni wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO), vitengo vya matengenezo vya mamlaka za maji, na kampuni zenye mafundi wanaozunguka kuhudumia visima. Nimechagua kisima kirefu chenye pampu ya umeme kwa sababu mashine imezama ardhini, huioni, na vipimo ndivyo macho yako pekee. Mwenye jenereta anaweza kufuata hatua hizihizi. Bei na idadi zote za mfano humu ni za kufundishia hesabu, kwa hiyo weka za kwako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya saa za kazi kwenye paneli ya kila pampu. Paneli nyingi zinayo tayari, na isiyo nayo hufungwa kwa gharama ndogo.
- Dira ya maji kwenye bomba linalotoka kisimani, kabla ya tangi.
- Kipima kina cha maji kisimani, cha waya wenye alama za mita.
- Kipima ampia cha kubana waya, na mega ya volti 500, yaani kipima insulesheni ya mota na kebo.
- Vibati vya chuma vya kugongwa namba. Kalamu ya rangi hufutika.
- Kadi za kazi za karatasi zenye nakala, au fomu kwenye simu kama mtandao unafika.
- Risiti za LUKU au daftari la dizeli, kuanzia miaka mitatu iliyopita.
- Kompyuta moja yenye programu ya majedwali, na mtu mmoja anayewajibika nayo. Wakiwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake ameingiza kadi.

## Hatua ya 1: Ipe kila mashine namba yake

Kosa la kwanza ni kuandika "pampu ya kisima cha shuleni". Pampu huhama. Leo iko shuleni, kesho imepelekwa kwenye kisima cha zahanati kwa dharura, na historia yake inabaki nyuma ikisomwa kama historia ya pampu nyingine.

Kisima kipewe namba yake, pampu yake, mota yake. Kwa mfano: kisima K-04, pampu P-017, mota M-021. Pampu na mota zitenganishwe kwa sababu mota inaweza kuungua huku pampu ikiwa nzima, ikafungwa na mota nyingine. Paneli, kebo, jenereta na inveta navyo vipewe namba. Mradi wa sola usiandikwe kama kitu kimoja: paneli za jua kwa kawaida huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, lakini pampu na inveta yake hazitafika huko. Ukiandika "mfumo wa sola, miaka 25", umeficha gharama zote za katikati.

Kila namba iandikiwe nguvu kwa kilowati, kina ilipofungwa, tarehe, usomaji wa mita ya saa siku ilipofungwa, bei ya kununua na gharama ya kuifunga.

Tahadhari: namba ya mashine iliyokufa isipewe mashine mpya. Ukirudia namba, kompyuta itaunganisha maisha mawili.

Umefaulu ikiwa: mtu akiuliza P-017 iko wapi leo na mwaka jana ilikuwa wapi, jibu linapatikana bila kumpigia fundi simu.

## Hatua ya 2: Badilisha kadi ya fundi

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kadi ya kawaida husomeka hivi: "14/3. Pampu haitoi maji. Imetengenezwa, iko sawa." Fundi amefanya kazi nzuri, maji yanatoka, lakini kwa mpangaji kadi hii ni karatasi tupu. Haisemi pampu ipi, imefanya kazi saa ngapi, imekwama kwa nini, imegharimu nini.

Sasa tazama kadi ya tukio lilelile ikijazwa inavyofaa:

> K-04, P-017, M-021. Tarehe 14/3.
> Mita ya saa: 11,240. Dira ya maji: 98,615.
> Kina cha maji: pampu imezimwa mita 41; baada ya saa moja ya kusukuma mita 63.
> Ampia: 9.8 / 9.6 / 9.9. Mega: 35.
> Tatizo: kontakta imeungua. Sababu: V.
> Kilichobadilishwa: kontakta 1.
> Gharama: spea 85,000, usafiri 60,000, posho 40,000.
> Kisima kilisimama siku 2.

Fundi akiwa tayari yuko kwenye paneli, kuijaza hakumchukui muda mrefu zaidi ya ile saa moja ya kusubiri kina kitulie. Angalia pia gharama: spea ni 85,000, lakini safari yote ni 185,000. Miradi inayoandika bei ya spea peke yake huona matengenezo ni rahisi kuliko yalivyo, na hivyo huchelewa kubadilisha mashine iliyochoka.

Herufi ya sababu ndiyo muhimu kuliko zote. Tumia sita tu:

- U: uzee, imechakaa kwa kazi.
- K: imekauka, imesukuma bila maji.
- M: mchanga.
- V: umeme mbaya, volti kushuka au fezi kukatika.
- R: radi.
- B: binadamu, yaani imefungwa vibaya, imegongwa au imeibiwa kitu.

Nafasi kubwa ya "maoni" inavutia, ila hakuna anayeweza kuhesabu maoni. Herufi sita zinahesabika.

Tahadhari: kadi isitumike kumwadhibu fundi. Akijua herufi B itamkata posho, ataandika R, na ukishapoteza ukweli wa kadi hakuna jedwali litakaloutengeneza tena. Mafundi waoneshwe mapema kadi zao zinakokwenda. Anayeona pampu aliyoiombea imeingia kwenye bajeti kwa sababu ya vipimo vyake ataijaza ya kesho bila kusukumwa.

Umefaulu ikiwa: kwa mwezi mmoja mfululizo kila kadi ina saa, dira, herufi ya sababu na gharama kamili.

## Hatua ya 3: Okoa data ya zamani, kwa kikomo

Usisubiri miaka mitatu ya kadi mpya. Sehemu ya historia inaweza kufufuliwa. Kama mita ya LUKU inahudumia pampu peke yake na mota huvuta takriban kilowati 5.8, uniti 1,150 za mwezi ni karibu saa 198 za kazi, maana uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Kwa jenereta, gawanya lita za dizeli kwa matumizi yake ya saa moja, uliyoyapima mwenyewe.

Kila namba iliyopatikana kwa njia hii iwekewe alama "m" ya makadirio. Isiyojulikana iachwe wazi. Usiweke sifuri, maana sifuri inasema mashine haikugharimu kitu mwaka huo, na huo ni uongo utakaoingia kwenye wastani.

Jipangie wiki mbili, kisha funga. Kuchimbua zaidi ya hapo hakulipi.

## Hatua ya 4: Tofautisha pampu mgonjwa na kisima mgonjwa

Fedha nyingi za mtaji hupotea hapa: maji yanapungua, pampu mpya inanunuliwa, inashushwa, na maji ni yaleyale. Vipimo vitatu, vikisomwa pamoja mara moja kila miezi mitatu, vinazuia hilo.

Umeme kwa kila mita moja ya ujazo. Gawanya uniti zilizotumika kwa mita za ujazo zilizopita kwenye dira. Kwa hesabu ya fizikia, kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita 100 kwenda juu kunahitaji angalau uniti 0.27, kama hakuna kinachopotea. Kisima chetu kinainua mita 95 hivi, ukijumlisha kina, kimo cha tangi na msuguano wa bomba. Kiwango cha chini kabisa ni uniti 0.26. Kikitumia 0.55, pampu, mota na kebo kwa pamoja zinafanya kazi kwa ufanisi wa karibu asilimia 47. Kikifika 0.66, ufanisi umeshuka hadi asilimia 39, na bili imepanda kwa asilimia 20 kwa maji yaleyale.

Kina cha maji. Linganisha kina pampu ikiwa imezimwa na ikiwa inasukuma. Kama umeme kwa mita ya ujazo umepanda na vina havijabadilika, tuhuma inaangukia pampu au bomba linalovuja. Kama kina cha kusukuma kimeshuka sana wakati kile cha kupumzika hakijasogea, kisima kimeziba na kinahitaji kusafishwa. Vyote viwili vikishuka mwaka hadi mwaka, maji yenyewe ardhini yanapungua. Hapo fungu la kuliombea ni la chanzo kingine, na pampu mpya itakuja kukaukia palepale.

Mega. Zima umeme na fungua waya za mota kwenye paneli kabla ya kupima. Kwa mota iliyo kisimani, usomaji chini ya megaohm 0.5 ni dalili kwamba insulesheni ya mota au kebo imeharibika. Ila usingoje huko. Mota iliyokuwa 60, ikaja 35, kisha 12, inakuambia mapema kuliko mota iliyokaa kwenye 8 miaka mitatu.

Umefaulu ikiwa: kwa kila kisima unaweza kuandika sentensi moja: tatizo ni pampu, ni kisima, ni umeme, au hakuna tatizo.

## Hatua ya 5: Kadiria umri kwa saa za kazi

Pampu mbili zilizonunuliwa siku moja hazizeeki pamoja. Inayosukuma saa 4 kwa siku na inayosukuma saa 14 zina umri tofauti kabisa, hata kama vitabu vya mhasibu vinazishusha thamani sawasawa.

Chukua pampu za aina moja kwenye mazingira yanayofanana. Tuseme unazo sita. Nne zimekufa, zikiwa zimefikisha saa 9,000, 12,000, 14,000 na 17,000. Mbili bado zinasukuma, moja ina saa 15,000 na nyingine 17,000.

Wengi huchukua zile nne tu: jumla saa 52,000, wastani 13,000. Hilo linaonea pampu zinazodumu, kwa sababu zilizo hai hazikuhesabiwa. Ukichukua saa zote za pampu sita, yaani 84,000, ukagawanya kwa vifo vinne, unapata saa 21,000 kwa kila kifo. Hilo nalo hutoa umri mrefu kupita kiasi kwa mashine zinazochakaa. Kwa data chache kama hizi, mimi huzichukua zote mbili kama ukingo wa chini na wa juu, nikapanga bajeti katikati, karibu na saa 17,000.

Kisha rudi kwenye herufi. Kama mbili kati ya zile nne zilikufa kwa K, hazikuzeeka, zilikaushwa. Kifaa cha kuzima pampu maji yanapokwisha ni bei ndogo mno ukilinganisha na pampu, na kinapaswa kuingia kwenye bajeti ya mwaka huu kabla ya pampu yoyote mpya.

P-017 ina saa 11,240 na husukuma saa 198 kwa mwezi, karibu 2,380 kwa mwaka. Mpaka 17,000 zimebaki saa 5,760, sawa na miaka miwili na nusu.

## Hatua ya 6: Tafuta mwaka ambao kutengeneza kunakuwa ghali kuliko kununua

Mashine inaweza kuwa hai na bado ikawa hasara. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bei ya kununua na kufunga, ongeza gharama za matengenezo na umeme wa ziada mwaka baada ya mwaka, kisha gawanya jumla kwa miaka iliyopita. Mfano wa pampu ya shilingi milioni 12:

| Mwaka | Gharama ya mwaka (milioni) | Jumla pamoja na bei | Wastani kwa mwaka |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.4 | 12.4 | 12.4 |
| 2 | 0.6 | 13.0 | 6.5 |
| 3 | 1.1 | 14.1 | 4.7 |
| 4 | 2.0 | 16.1 | 4.0 |
| 5 | 3.4 | 19.5 | 3.9 |
| 6 | 5.2 | 24.7 | 4.1 |

Wastani unashuka hadi mwaka wa 5, kisha unaanza kupanda. Huo ndio mwaka wa kubadilisha. Njia ya mkato: gharama unayoitarajia mwaka ujao ikizidi wastani uliofikia sasa, muda umefika. Hapa mwaka wa 6 unadai 5.2 wakati wastani ni 3.9.

Kusuka mota upya, yaani kubadilisha koili zake za waya, kuingizwe kwenye hesabu hiihii. Mota iliyosukwa vizuri hurudisha muda, lakini ikisukwa mara ya pili na ya tatu jedwali litakuonesha haraka kama unanunua mota kwa vipande.

Tahadhari: bei uliyonunulia zamani haikuhusu tena unapoamua juu ya kesho. Tumia bei ya leo ya pampu mpya.

## Hatua ya 7: Panga foleni kwa athari

Pampu zilizofika mwisho zikiwa nne na fedha ni za mbili, umri peke yake hautoshi kuamua. Uliza: watu wangapi wanakitegemea kisima hiki, kuna chanzo kingine cha karibu, zahanati au shule inakitumia, na pampu ya aina hii inapatikana dukani au inaagizwa nje? Kisima pekee cha kijiji kitangulie kile chenye mwenzake.

Data ikionesha una visima vitano vyenye pampu zinazolingana, nunua moja ya akiba kwa vyote vitano. Ni nafuu kuliko kubadilisha mapema kila mahali kwa hofu, na inakupa ujasiri wa kuziacha nyingine zifike mwisho wa umri wao.

## Hatua ya 8: Jaza jedwali la miaka 10

Bei zitoke kwenye profoma (hati ya bei ya muuzaji) ya karibuni, pamoja na usafirishaji, VAT, kebo, kazi ya kuinua na kushusha mabomba, na posho za mafundi. Pampu nyingi huagizwa nje, hivyo shilingi ikishuka bei inapanda. Weka kiwango cha ongezeko na ukiandike wazi kwenye jedwali ili mwingine aweze kukibadilisha.

Mwaka wa 1 na 2 taja mashine kwa namba zake. Mwaka wa 3 hadi 5 andika mashine na muda wa kukisia, kwa mfano "P-009, mwaka wa 3 au 4". Kuanzia mwaka wa 6 usijifanye unajua ipi; weka wastani wa pampu ngapi kwa mwaka zinatarajiwa kuisha. Jedwali linalotaja jina la pampu itakayokufa mwaka wa 9 huonekana la kitaalamu na halina maana.

Sasa geuza kila mstari kuwa akiba ya mwezi. Pampu ya milioni 12 leo, kwa ongezeko la asilimia 6 kwa mwaka, itakuwa milioni 16.06 baada ya miaka 5. Gawanya kwa miezi 60: shilingi 267,700 hivi kwa mwezi. Kisima kikiuza mita za ujazo 1,500 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 178 kwa mita ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ni chini ya shilingi 4 kwa ndoo.

Namba hii ya mwisho ipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Ukisema milioni 16, watu watanyamaza. Ukisema shilingi 4 kwenye ndoo kilulani, yaani kwenye kituo cha kuchotea maji, wataanza kujadiliana.

Tahadhari: akiba hii ikae akaunti yake, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Ikichanganywa na fedha za kuendesha mradi, mwezi wa kwanza wenye upungufu utaila.

## Hatua ya 9: Wasilisha mapema, kisha jisahihishe kila mwaka

Mwaka wa fedha wa serikali Tanzania huanza tarehe 1 Julai, na maombi hukusanywa miezi mingi kabla. Orodha yako iwe tayari kufikia Januari. Kwa kila mashine peleka ukurasa mmoja: namba, saa ilizofikia, umeme kwa mita ya ujazo ukilinganishwa na ulipoanza, gharama za miaka mitatu, herufi za sababu, idadi ya watu, bei. Ambatanisha nakala za kadi mbili tatu. Mwenye kugawa fedha huona maombi mengi yanayosema "pampu ni chakavu", ila machache yanayoonesha mega ikishuka kutoka 60 hadi 12.

Mwisho wa mwaka chukua jedwali la mwaka uliopita na uandike pembeni kilichotokea kweli. Pampu uliyosema itaisha ikaendelea, au iliyokufa bila kutajwa, zote zina kadi. Zisome utafute kipimo ulichokosa. Rekebisha umri wa kati uliotumia hatua ya 5, weka bei mpya, ongeza mwaka mmoja mbele. Kwa K-04, miaka miwili na nusu ikikaribia kuisha, kitakachoamua ni usomaji wa robo mwaka ijayo: kina kikibaki 41 na 63 huku umeme ukizidi 0.66, P-017 inaingia mwaka wa 1.